Tamasha la Hisani kwa Wakulima: Namna ya Kuliandaa Mombasa Pesa Zikamfikia Mkulima

Mwongozo huu ni wa tamasha la siku moja, watu 2,000 hivi, linalochangia kikundi kimoja cha wakulima wadogo wa Kwale, Kilifi au Taita Taveta. La watu 300 ukumbini unaweza kuruka nusu ya haya. La watu 10,000 lina wataalamu wake, na si jambo la kamati ya mtaa.

Kanuni inayobeba kila kitu hapa chini ni moja: pesa za tiketi haziguswi na jukwaa. Gharama zote zilipwe na wadhamini na wenye vibanda kabla ya siku yenyewe, na kila shilingi ya mlangoni iwe ya mkulima. Tamasha linalongoja mlango ndio umlipe mwenye spika, mara nyingi mkulima huishia kupigiwa makofi tu.

Mfano unaotajwa zaidi duniani ni Farm Aid ya Marekani. Ilianza tarehe 22 Septemba 1985 huko Champaign, Illinois, ikiongozwa na Willie Nelson, Neil Young na John Mellencamp, wakati wakulima wengi wa huko walikuwa wakinyang'anywa mashamba kwa madeni ya benki. Matatu ya kuiga: waliendelea mwaka baada ya mwaka, wakaweka na simu ya msaada kwa mkulima aliyekwama, na baadaye wakadai kwamba chakula kinachouzwa tamashani kitoke kwa wakulima wenyewe. Hilo la tatu ndilo rahisi kuigwa hapa Pwani, na ndilo linalosahaulika. Utaona bango limeandikwa "Tuwainue Wakulima Wetu" na chini yake watu wanakunywa soda na kula vibanzi vya viazi vya kutoka bara.

Hatua ya 1: Mtafute mkulima kwanza, msanii baadaye (wiki 14 kabla)

Usichangie "wakulima wa Pwani". Changia kikundi chenye jina, mwenyekiti, na shida yenye bei. Kikundi kiwe kimesajiliwa, ama kama chama cha ushirika ama chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya 2022. Omba kuona cheti, daftari la wanachama, kumbukumbu za mikutano mitatu ya mwisho, na barua ya benki inayoonyesha watia saini. Akaunti yenye mtia saini mmoja ni sababu tosha ya kuendelea kutafuta.

Kisha shida yenyewe. "Tunahitaji maji" haitoshi. Unataka mahitaji matatu yaliyopangwa kwa zamu, kila moja na ankara ya makadirio kutoka kwa muuzaji. Tuseme ni wakulima wa maembe wa Kilifi: la kwanza, kreti za plastiki za kubebea (maembe yakishindiliwa guniani, ya chini hupondeka kabla hayajafika soko la Kongowea, na dalali hutumia michubuko hiyo kushusha bei ya mzigo mzima), la pili, banda la kivuli la kuchambulia, la tatu, mizani iliyopigwa muhuri na wakaguzi wa vipimo. Ukikusanya nusu ya ulichotarajia, kila mtu anajua kreti zitanunuliwa na mizani itangoja. Bila mpangilio huo, siku ya kugawa ndiyo siku ya kugombana.

Andikeni makubaliano ya kurasa mbili: nini kitanunuliwa na kwa zamu ipi, nani atatunza vifaa, wanachama wangapi watakuja kuuza tamashani, na nani kati yao atakaa kwenye meza ya kuhesabu pesa. Huyo wa mwisho ni lazima.

Hatua ya 2: Tarehe

Mwezi Mei ni masika, usiujaribu. Juni hadi Agosti kusi huvuma kwa nguvu na mvua za mchoo hupita bila taarifa. Oktoba na Novemba kuna vuli. Zinabaki nafasi mbili nzuri: Septemba, kusi inapolegea na mavuno ya masika yamekwisha kuingia, na Desemba hadi Februari wakati wa kaskazi, mbingu kavu na maembe tele. Desemba vyombo vya muziki ni ghali kwa sababu kila hoteli inavitaka, na Januari mifuko ni mitupu, ndiyo maana watu huiita Njaanuari. Angalia pia Ramadhani imeangukia wapi mwaka huo, maana hurudi nyuma siku kama kumi na moja kila mwaka.

Siku iwe Jumamosi ya kwanza baada ya mshahara. Tiketi ya shilingi 500 inauzika tarehe mbili. Tarehe ishirini na mbili haiuziki.

Hatua ya 3: Hesabu

Weka bei za kwako mwenyewe, lakini umbo la hesabu liwe hivi. Tuseme gharama zote ni shilingi 1,200,000. Ukitegemea tiketi za 500 pekee, lazima uuze 2,400 kabla mkulima hajapata hata shilingi, na uwanja wako ni wa watu 2,000. Kwa maneno mengine, umeshashindwa kabla ya kuanza. Sasa geuza: wadhamini 1,050,000, vibanda 30 vya biashara na chakula kwa 5,000 kila kimoja, yaani 150,000. Gharama zimeisha. Tiketi 2,000 za 500 ni milioni moja nzima ya mkulima, na hata wakija watu 900 tu bado ana 450,000.

Mdhamini anayetoa kitu ni sawa na anayetoa pesa, mradi kitu hicho kimo kwenye bajeti yako. Mwenye jenereta akikupa jenereta, hiyo ni pesa. Anayekupa katoni 200 za bidhaa yake ya kugawa bure amekuletea takataka za kuzoa.

Weka siku ya kukata shauri, wiki sita kabla. Siku hiyo ikifika wadhamini hawajafikia asilimia 80 ya gharama kwa pesa zilizoingia benki (ahadi hazihesabiwi), punguza: jukwaa dogo, wasanii wanne badala ya wanane, au hamia ukumbini. Kupunguza wiki sita kabla hakuna aibu. Wiki moja kabla, unapoteza malipo ya awali yote.

Hatua ya 4: Uwanja na vibali (wiki 10 kabla)

Kwa watu 2,000 waliosimama, hesabu wawili kwa kila mita ya mraba: mita za mraba 1,000, mfano 25 kwa 40. Ongeza sehemu ya viti, jukwaa, vibanda na njia za gari la wagonjwa, na unahitaji mara tatu ya hapo. Mama Ngina Waterfront ina nafasi na upepo wa bahari. Makadara na Tononoka ziko katikati ya makaazi, watu wanafika kwa miguu, lakini kelele ndiyo itakuwa kesi yako. Ukitamani kuta za Fort Jesus, kumbuka ni Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu 2011. Mwenye neno ni Makavazi ya Kitaifa, na besi nzito karibu na kuta zile si jambo la kuombea ruhusa.

Vibali, kwa mpangilio wa kuvifuatilia:

Barua ya uwanja kutoka kwa mwenye uwanja. Bila hiyo hakuna ofisi itakayokusikiliza.

Polisi. Sheria ya Utulivu wa Umma, Sura ya 56, inataka taarifa ya mkutano wa hadhara kwa mkuu wa kituo si chini ya siku 3 na si zaidi ya siku 14 kabla, na muda inaoutaja ni kati ya saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni. Tamasha lako litaingia usiku, kwa hiyo nenda mapema ukazungumze ana kwa ana kuhusu saa za kumaliza, kisha taarifa rasmi uipeleke ndani ya zile siku. Baki na nakala iliyopigwa muhuri.

Kelele. Kanuni za kudhibiti kelele za 2009 huhesabu usiku kuanzia saa mbili na dakika moja, na kikomo cha usiku ni desibeli 35, kiwango ambacho hata mazungumzo ya barazani hukipita. Mchana eneo la makaazi ni 50 na karibu na nyumba za ibada 40. Hakuna tamasha litakaloyatimiza hayo bila leseni ya muda, kwa hiyo iombe idara ya mazingira ya kaunti na uulize NEMA, mamlaka ya mazingira ya taifa, kama kuna cha ziada. Nenda pia kwa maimamu na wazee wa mtaa na ratiba mkononi. Leseni humzuia askari kukuzimia muziki. Jirani aliyeheshimiwa hampigii askari simu.

Haki za muziki. Chama kilichoruhusiwa kukusanya mirabaha kimekuwa kikibadilika, basi usilipe yeyote kwa mazoea. Waulize KECOBO, bodi ya hakimiliki, ni nani mwenye leseni mwaka huo, lipa huyo, weka risiti mlangoni.

Makusanyo. Kama zaidi ya kuuza tiketi utazungusha kapu au masanduku ya mchango, ulizia kibali chini ya Sheria ya Makusanyo ya Umma, Sura ya 106.

Yaliyobaki ni ya kawaida: zimamoto wa kaunti, afya ya umma kwa wauza chakula, bima ya dhima kwa umma, na barua ya huduma ya kwanza kutoka Msalaba Mwekundu au St John. Kibali cha droni kinatoka KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga. Kama hukukiomba, mwambie mpiga picha aiache nyumbani.

Hatua ya 5: Umeme na sauti

Hapa ndipo pesa huvuja na ndipo tamasha huzimika, basi tulia.

Jenereta mbili za kVA 60 zenye kuzuia kelele, moja ikifanya kazi na nyingine imewashwa tayari kupokea. kVA 60 ni kama kilowati 48 za kutumika. Spika, taa za LED na vyombo vya watu 2,000 haviwezi kuzidi 30 kwa kawaida. Nafasi inayobaki ni ya besi inapopiga zote pamoja. Dizeli ni lita 10 hadi 12 kwa saa kwa mzigo huo. Saa 12 pamoja na kujaribu sauti ni karibu lita 140. Kuwa na 200 uwanjani, mbali na moto wa wapishi. Fundi anayekwambia "nitaenda kuongeza saa mbili usiku" mfanye aongeze saa kumi.

Wenye vibanda wapewe jenereta yao, kVA 30, waya tofauti kabisa. Birika moja la umeme na friji mbili zikiunganishwa kwenye laini ya sauti, utasikia mngurumo kwenye spika kila friji inapoamka, na swichi ikiruka, mwimbaji anabaki anapiga kelele peke yake.

Ardhi ya waya (chuma cha kupeleka umeme uliovuja chini): Mombasa chini ni tumbawe au mchanga mkavu, na chuma cha futi nne kilichopigwa nusu hakishiki kitu. Fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya kawi, apime kwa kifaa, asikisie. Dalili ya kosa ni msanii kuruka anapogusa maiki kwa mdomo. Ukisikia hilo wakati wa kujaribu sauti, simamisha kila kitu mpaka lirekebishwe. Viungio vyote viwe juu ya mbao na vifunikwe. Chumvi ya hewani huweka utandu kwenye shaba, na saa nane mchana maiki huanza kukatika bila sababu inayoonekana. Kitambaa kikavu na dawa ya kusafishia viungio humaliza tatizo hilo kwa dakika tano.

Spika: sita za kuning'iniza kila upande na besi nane zinatosha. Kwa uwanja wa mita 40 huna haja ya spika za katikati. Ukiziweka, tuseme mita 35 kutoka jukwaani, zicheleweshe. Kwa joto letu sauti hutumia takriban milisekunde 2.9 kwa kila mita, kwa hiyo 35 ni kama 100. Ongeza 10 hadi 15 ili sikio liendelee kuamini sauti inatoka jukwaani. Fundi akisahau hili, watu wa nyuma husikia kila neno mara mbili na hulaumu mwimbaji.

Upepo nao. Maiki zote zivae sponji. Mabango ya wadhamini yasifungwe kwenye nguzo za paa la jukwaa, kwa sababu bango la mita tatu likishika upepo wa kusi ni tanga, na nguzo ile haikujengwa kuwa mlingoti. Yafunge kwenye uzio na uyatoboe. Hema za mita tatu kwa tatu zifungwe kilo 20 kila mguu. Mtungi wa lita 20 uliojaa maji ni kilo 20 kamili na jioni maji yanaoshea vyombo.

Hatua ya 6: Wasanii na ratiba

Lipa kila msanii kitu. Anayepiga bure hufika akitaka, na huna la kumwambia. Nauli, chakula na bahasha ndogo iliyoandikwa kwenye mkataba hununua saa. Mkataba utaje saa ya kufika, dakika za kupiga, saa ya kujaribu sauti, na kwamba jina lake halitatumika kuomba michango baada ya siku hiyo bila idhini.

Ratiba hufungwa na adhana. Ukianza saa nane mchana, acha nafasi ya alasiri, na kata muziki kabisa wakati wa magharibi kwa dakika 20 hadi 25. Hilo pengo usilihuzunikie. Ndilo la kubadilisha jukwaa, na ndilo linalouza chakula kuliko saa nyingine yoyote.

Mfano unaokwenda: ngoma kwanza, mchana, na zichezwe chini kwenye ardhi. Wachezaji wa mwanzele au sengenya hawastareheki juu ya mbao zinazoteleza, na kayamba hupotea kabisa kwenye jukwaa kubwa. Maiki mbili za kondensa kwenye stendi ndefu, mita moja na nusu kutoka kwa wapigaji, zinatosha. Kisha vijana wa kizazi kipya saa kumi. Muziki wa bango jioni, saksafoni jua linapozama. Taarab baada ya magharibi.

Taarab inataka dakika 40 za kujipanga, na waandaaji huipa 15. Kuna kanuni (ala ya nyuzi ya kupakatwa), fidla, akodioni, kibodi, besi, dumbaki, pengine taishokoto (ala ya nyuzi yenye asili ya Japani), na waitikiaji wanne. Hizo ni laini za sauti 16 hadi 20. Kanuni peke yake ina nyuzi zaidi ya 70, na ikikaa juani au ikipigwa na unyevu wa bahari hulegea zote. Iletwe kivulini nyuma ya jukwaa saa nzima kabla, mpigaji aiweke sawa pale pale, na mshereheshaji afundishwe kuzungumza kwa dakika tano zaidi bila kumharakisha.

Na hela za kutuza. Akina mama watapanda kutuza mwimbaji, noti zitamwagika, na kama hamkukubaliana mapema, kila mtu atajua ni zake. Amua na kikundi kwenye mkataba: ama zote ni za kikundi, ama nusu iingie kwenye sanduku la wakulima lililo mbele ya jukwaa. Njia zote mbili ni sawa, ila lisemwe kabla.

Wanasiasa watakuja. Wape dakika tatu, kabla ya magharibi, wakiwa wawili tu. Ahadi ya laki mbili iliyotolewa kwenye maiki isitangazwe kama mapato mpaka ionekane kwenye akaunti.

Hatua ya 7: Soko la wakulima na chakula

Wakulima hawalipi kibanda. Waweke njiani, mtu akiingia apite kwao kabla hajaona jukwaa. Ukiwaficha nyuma ya vyoo, kama ilivyo desturi, watarudi na mzigo.

Mwenye kibanda cha chakula naye awe na sharti: anunue bidhaa za angalau shilingi 3,000 kutoka kwa wakulima wale wale. Anaweka amana ya 3,000 na anarudishiwa akionyesha risiti ya mkulima. Nazi, muhogo, bamia, ndimu, pilipili, ndizi mbichi na mchicha vyote vinapatikana, na mwenye viazi karai anayelalamika kwamba viazi havitoki Kilifi, aweke kachiri za muhogo na muhogo wa kukaanga. Mbaazi za nazi na mahamri hazihitaji maelezo. Wapishi waambiwe wiki mbili kabla ni nini kitakuwapo na kwa bei gani, maana mpishi asiyejua huenda soko la Marikiti usiku wa kuamkia na amana anaisamehe.

Madafu yanafaa kuhesabiwa sawasawa. Kwa joto la saa tisa, kadiria dafu moja kwa kila watu watatu: 700 hivi. Dafu moja ni karibu kilo mbili, kwa hiyo una tani moja na nusu, na pikapu ya tani moja haitoshi. Kodi kanta (lori dogo) au fanya safari mbili. Mkataji mmoja mzoefu hufungua 60 kwa saa bila kujikata, basi wawe watatu kwa zamu. Panga zao ziandikishwe siku moja kabla na ziingizwe na msimamizi, la sivyo mabaunsa watazinyang'anya mlangoni na utakaa saa nzima unatafuta funguo za chumba zilimofungiwa. Makumbi yatazidi tani moja. Kanta iliyoleta madafu iyarudishe shambani yakatandazwe kwenye mashina ya minazi.

Mzigo wa Kwale upite barabara ya Dongo Kundu, usipite feri. Maembe yaliyokaa juani kwenye foleni ya feri Likoni hufika yamelainika upande mmoja. Mzigo wote uwe uwanjani saa nne asubuhi, kivulini, na kila meza iwe na mizani au bei ya kipande iliyoandikwa kwa wino mkubwa. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu Agosti 2017. Uza vikapu vya ukindu, ni biashara nyingine ya wakulima hao hao.

Kitakachobaki saa moja usiku ndicho kinachoamua kama mkulima atakuja mwakani. Tafuteni mapema mnunuzi wa mabaki, hoteli au mama wa jumla wa Kongowea, kwa bei iliyoandikwa wiki moja kabla. Bei inayopatanwa usiku, gari likingoja, ni bei ya dalali.

Hatua ya 8: Mlango na pesa

Njia nne za kuingilia, mbili za wanawake na wapekuzi wanawake. Upekuzi wa haraka ni sekunde 12 kwa mtu, yaani watu 300 kwa saa kwa kila njia; 2,000 wataingia kwa saa moja na dakika 40. Ukiwa na njia mbili, msanii mkubwa atapiga nusu ya watu wako wakiwa barabarani. Milango ya kutokea ni kitu kingine: miwili, kila mmoja mita 3, isiyofungwa kwa kufuli. Ukizibwa mmoja, wa pili peke yake hutoa watu 2,000 kwa dakika kama nane.

Malipo yawe kwa Paybill, si namba ya mtu. Paybill inakupa namba ya akaunti, basi tumia mbili: TIKETI na MCHANGO. Paybill iingie moja kwa moja kwenye akaunti ya benki ambayo lazima wawili kati ya watatu watie saini. Ada za M-Pesa ziwe kwenye bajeti ya gharama, zisikatwe kwenye pesa za mkulima.

Watu 2,000 mahali pamoja hulemea mtandao, na ujumbe wa malipo huchelewa hata dakika kumi. Wapo wanaolijua hilo na huja na ujumbe wa kughushi. Mlinzi wa mlango asiangalie simu ya mteja hata siku moja. Aangalie orodha ya malipo kwenye simu ya tamasha, kwa namba ya muamala. Punguza shida kwa kuuza angalau asilimia 60 ya tiketi kabla ya siku, na siku yenyewe weka meza ya malipo mita 50 kabla ya mlango ili anayengoja ujumbe asizibe njia.

Taslimu itakuwapo tu. Sanduku lifungwe kwa lakiri yenye namba, lifunguliwe mbele ya watatu: mweka hazina, mhasibu wa nje, na yule mkulima wa Hatua ya 1. Hesabu iandikwe kwa mkono, nakala tatu, saini tatu, usiku ule ule. Kusema "tutahesabu kesho" ndiko kunakozaa maneno.

Hatua ya 9: Vyoo, maji, ulinzi

Vyoo vya wanawake viwe angalau kimoja kwa 100, wanaume kimoja kwa 500 pamoja na sehemu ya haja ndogo moja kwa 150. Kwa nusu kwa nusu: 10 vya wanawake, 2 vya wanaume, sehemu 7 za haja ndogo, na kimoja kipana cha kiti cha magurudumu. Vyoo vya kukodi huja na karatasi bila maji. Weka mtungi na kopo kila kimoja na mtu wa kujaza, na misumari ya kutundikia mabuibui na mikoba nyuma ya mlango. Kitu kidogo, lakini ndicho kinachofanya kina mama wakae mpaka taarab iishe.

Boza la lita 10,000 linatosha: 2,000 ni za kunywa, zilizobaki za vyoo, kutawadhia na wapishi. Maji ya kisima mara nyingi yana chumvi. Yasiingie kwenye matangi ya kunywa. Tenga hema la kuswalia, pande mbili, mikeka, mbali na besi.

Walinzi 20, mmoja kwa 100, na polisi juu ya hapo. Njia ya gari la wagonjwa isigeuzwe maegesho ya wageni wa heshima. Mweke mlinzi mmoja asiyefanya kazi nyingine. Panga na waendesha tuktuk na matatu mahali pa kupakilia saa nne usiku, na wahimize wa Likoni watoke mapema.

Hatua ya 10: Baada ya siku

Kesho yake asubuhi: rudisha amana za wapishi, lipa mafundi, pokea risiti za eTIMS (mfumo wa ankara wa KRA, mamlaka ya mapato) kwa kila matumizi, maana mdhamini wa kampuni atazidai. Msanii wa kutoka nje ya nchi hukatwa kodi ya zuio ya asilimia 20 na unapaswa kuiwasilisha KRA. Usimwahidi bahasha bila kusema ni kabla au baada ya kodi.

Ndani ya siku 14 toa taarifa ya ukurasa mmoja: tiketi zilizouzwa, taslimu, Paybill, michango, kisha jumla. Ibandikwe kwenye mlango wa ofisi ya kikundi kijijini, kwa Kiswahili, na itumwe kwa wadhamini na wasanii.

Pesa zenyewe zisipelekwe kwa hundi kubwa ya kupigia picha. Mlipe muuzaji wa kreti moja kwa moja kwa ile ankara ya Hatua ya 1, kreti zishushwe kijijini, zipigwe chapa ya kikundi kwa chuma cha moto, na kila mwanachama atie saini kwa idadi aliyochukua. Rangi hufutika msimu mmoja, na kreti isiyo na chapa ikifika Kongowea hairudi.